Kabaka Mwanga wa Pili: Mtawala Aliyeihofu Njia ya Mashariki

Utangulizi

Katika rejista za shule za Thika na Ruiru, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya, majina Kizito na Lwanga si mageni. Wapo wavulana waliobatizwa kwa majina hayo ilhali koo zao hazina uhusiano wowote na Uganda. Majina hayo yametokana na vijana waliouawa katika nchi ya Buganda baina ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya mfalme wao. Majina ya waliouawa yamevuka mipaka na kuenea. Jina la aliyewaua limebaki katika vitabu vya historia, na aghalabu hutajwa kwa laana.

Mfalme huyo aliitwa Mwanga. Kwa msemaji wa Kiswahili, jina hili lina utata wa aina yake. Mwanga ni nuru. Mwanga pia ni mchawi awangaye usiku. Jina la Kiganda lina asili yake lenyewe, lakini sadfa hii ya lugha inaafiki hukumu mbili ambazo watu wamempa. Wapo wanaomwona kuwa mwuaji wa watoto wasio na hatia. Wapo pia wanaomhesabu miongoni mwa Waafrika wa awali waliosimama kuupinga ukoloni.

Anayetafuta mfano wake katika historia ya dunia hatakosa kumkumbuka Nero, Kaizari wa Roma aliyetawala kutoka mwaka 54 hadi 68 baada ya Kristo. Wote wawili walikalia kiti cha enzi wakiwa na umri wa miaka 16 hivi. Wote wawili waliwaua Wakristo, na kwa sababu hiyo wakawa maarufu kwa ubaya. Aidha, habari zao ziliandikwa kwa wingi na watu waliokuwa na sababu ya kuwachukia. Hata hivyo, tofauti moja ni kubwa. Nero alirithi dola iliyokuwa ikitawala wengine. Mwanga alirithi dola iliyokuwa karibu kutawaliwa, naye alilitambua hilo mapema.

Kuzaliwa na Malezi

Mwanga alizaliwa yapata mwaka 1868. Baba yake alikuwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, na mama yake aliitwa Bagalayaze. Wakati huo Buganda ilikuwa dola yenye nguvu kandokando ya Ziwa Victoria. Kabaka hakuwa mfalme wa kupamba kiti tu. Ndiye aliyewateua machifu na kuwavua madaraka, na neno lake moja lilitosha kuutoa uhai wa mtu. Wavulana wa jamaa mashuhuri walipelekwa kasri wakiwa wadogo ili wamtumikie, na miongoni mwao ndimo walimotoka machifu wa kesho. Kwa hiyo, aliyezishika nyoyo za vijana wa kasri alikuwa ameishika Buganda ya siku za usoni.

Wageni walikuwa wameshaanza kuingia. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika mwaka 1844, zama za Kabaka Suna, babu yake Mwanga. Walileta nguo, bunduki, dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Wamishenari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifika mwaka 1877, na Wakatoliki kutoka Ufaransa wakafika mwaka 1879. Waliojifunza dini hizo mpya waliitwa kwa Kiganda abasomi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Mutesa alikuwa hodari wa kuwaweka wageni hao katika mizani. Alimsikiliza kila mmoja wala hakumfuata yeyote moja kwa moja. Aliwahi kufunga Ramadhani, na baadaye akawaita walimu wa Kikristo. Lakini yeye naye alikuwa na mpaka. Katika miaka ya 1870, vijana Waislamu wa kasri walipokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wasiotahiriwa, Mutesa aliamuru wauawe. Wengi wao walichomwa Namugongo. Mwanga alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Somo alilolikuta katika nyumba ya baba yake ni kwamba mtumishi anayeitii dini kuliko Kabaka ni mwasi, na malipo ya mwasi ni moto.

Kurithi Kiti cha Enzi

Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884, na Mwanga akatawazwa mwezi huohuo. Alirithi kiti lakini hakurithi heshima ya baba yake. Machifu wazee, wakiongozwa na Katikiro Mukasa, walikuwa watu wa Mutesa, nao walimwona kijana huyu kuwa mwanagenzi. Upande wa pili, vijana waliomtumikia kasri walikuwa wakienda kwa siri kwa walimu wao: Waanglikana kwa Alexander Mackay, na Wakatoliki kwa Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera.

Zaidi ya hayo, habari kutoka pwani zilikuwa za kutisha. Wajerumani walikuwa wakitia saini mikataba na machifu wa bara, na kuanzia mwaka 1885 serikali yao ikayadai maeneo hayo kuwa yake. Kadhalika, mwaka 1883 Mwingereza Joseph Thomson alikuwa amepenya nchi ya Wamaasai na kufika karibu na mipaka ya Busoga, jambo lililoonyesha kwamba njia fupi ya kutoka Mombasa inapitika. Tangu zamani Waganda walikuwa na imani kwamba watakaoiteka nchi yao watatokea mashariki, kupitia Busoga. Wageni wengi waliokubaliwa kuingia walitoka kusini. Upande wa mashariki ulikuwa kama mlango wa nyuma wa nyumba, na mgeni mwema hapiti mlango wa nyuma.

Damu ya kwanza ilimwagika tarehe 31 Januari 1885. Vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikamatwa walipokuwa safarini na Mackay kuelekea ziwani. Walikatwa mikono na kuchomwa huko Busega. Mwanga alikuwa hajatimiza hata miezi minne katika utawala.

Kifo cha Askofu Hannington

Mwezi wa Julai mwaka huohuo, Askofu James Hannington aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na msafara wa watu wapatao 200. Alikuwa ameteuliwa kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana katika eneo hili, naye aliamua kuifuata njia mpya ya mashariki. Alipita Taita, akavuka Ukambani na Ugikuyu, kusini mwa ilipo miji ya Ruiru na Thika hivi leo, akashika njia ya Naivasha hadi mji wa Mumias, uliojulikana wakati huo kama Kwa Sundu. Mwezi wa Oktoba aliuacha huko msafara mkubwa chini ya kasisi Mwafrika, William Jones, akaendelea na watu wapatao 50.

Hannington hakuelewa kwamba njia aliyoichagua ilikuwa na maana kubwa kuliko nia yake. Machoni pa Mwanga, Mzungu mkubwa anayetokea mashariki na watu wenye bunduki hakuwa mhubiri, bali mtangulizi wa jeshi. Wamishenari waliokuwa Buganda walijaribu kumtetea askofu wao, wasifaulu. Alishikwa huko Busoga tarehe 21 Oktoba, akazuiliwa kwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na takriban watu wake wote. Jones aliwaongoza waliosalia Mumias hadi Rabai, wakiwa wamechoka na wenye majonzi.

Mmoja wa watumishi wakuu wa kasri, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alithubutu kumlaumu Kabaka kwa kitendo hicho. Alimkumbusha kwamba baba yake hakuwahi kumwua Mzungu. Vilevile alikuwa akiwakinga wavulana wa kasri dhidi ya matakwa ya kimwili ya mfalme, kwa kuwa dini yao iliyaharamisha. Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe alikatwa kichwa. Nafasi yake ya kuwalinda na kuwafundisha vijana ilichukuliwa na Karoli Lwanga.

Moto wa Namugongo

Mwezi wa Mei 1886 Mwanga alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Alirudi kutoka mawindoni pasipo kitu, akawaita watumishi wake na hakuwapata. Alipoambiwa kwamba mmoja wao alikuwa akifundishwa dini, hasira yake ilipanda. Kutumikiwa haraka ni jambo dogo kwa mtu wa kawaida, lakini kwa mfalme ambaye machifu hawamheshimu na ambaye ana hofu ya kuvamiwa, kukosa watumishi kulimaanisha kwamba hata ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuwa na utawala.

Usiku uliofuata, Lwanga aliwabatiza vijana waliokuwa hawajabatizwa, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Asubuhi ya tarehe 26 Mei Mwanga aliwakusanya na kuwataka wanaosali wajitenge. Walijitenga. Walifungwa na kuanza safari ya kwenda Namugongo, na wengine waliuawa njiani. Waliofika walikaa pingu kwa siku kadhaa huku kuni zikikusanywa.

Mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, alikuwa na msiba wake mwenyewe. Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa nyumbani mwake. Alimsihi akane imani yake au hata akubali kufichwa tu. Kijana akakataa. Mukajanga akaamuru apigwe kisogoni afe kabla ya kutiwa motoni, na huo ndio upendeleo pekee aliokuwa na uwezo wa kumpa. Tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walivingirishwa katika mafungu ya matete na kuchomwa pamoja. Lwanga alichomwa peke yake, kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni.

Mauaji yaliendelea hadi Januari 1887. Wanaotambuliwa kuwa mashahidi wa Uganda ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Ikiwa kusudi la Mwanga lilikuwa kuizima dini hiyo mpya, hakufanikiwa. Wasomi waliongezeka, na waliobaki walijifunza kwamba mfalme wao anaweza kukataliwa.

Kupinduliwa na Kurudishwa

Baada ya hayo Mwanga alifanya jambo la ajabu. Kwa kuwa hakuwaamini machifu wazee, aliunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki, na uongozi wake akaukabidhi Waislamu na Wakristo, wakiwemo walioponea chupuchupu mwaka 1886. Vikosi hivyo vilipora mali ya raia bila kuadhibiwa. Wakati huohuo aliwalazimisha watu wa tabaka zote, hata machifu, kuchimba ziwa karibu na kasri la Mengo, akikusudia kuliunganisha na Ziwa Victoria kwa mfereji. Nero naye, mwaka 67, alianzisha uchimbaji wa mfereji katika shingo ya nchi ya Korintho na hakuumaliza. Ziwa la Kabaka lipo mpaka leo jijini Kampala. Mfereji wake haukukamilika.

Muda si muda Mwanga alianza kuviogopa vikosi alivyoviunda mwenyewe. Mwezi wa Septemba 1888 ilivuma habari kwamba amepanga kuwapeleka wasomi wote kisiwani na kuwaacha wafe njaa. Waislamu na Wakristo waliungana, wakamwondoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ndugu yake Kiwewa alitawala kwa wiki chache tu. Waislamu waliwafukuza Wakristo, kisha Kiwewa alipokataa kutahiriwa wakamweka ndugu mwingine, Kalema, ambaye aliwaua wana wengi wa ukoo wa kifalme. Mwanga alikuwa amekimbilia kusini mwa ziwa. Baada ya kuishi kwa taabu miongoni mwa Waarabu wa Magu, alipata hifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Mtu aliyewachoma Wakatoliki sasa alikula chakula chao.

Kilichofuata ni kigumu zaidi kukisadiki. Wakristo waliokuwa wakimbizi Ankole walimtumia ujumbe wakimwomba awe kiongozi wao. Walihitaji mwana wa Mutesa, naye alihitaji bunduki zao. Kwa msaada wa mashua na silaha za mfanyabiashara Charles Stokes, Mwanga alirudi Mengo mwezi wa Oktoba 1889, akafukuzwa tena, na mwanzoni mwa mwaka 1890 akashika kiti kwa mara nyingine. Safari hii, hata hivyo, waliotawala hasa walikuwa machifu Wakristo. Katikiro wake alikuwa Apolo Kagwa, Mwanglikana aliyenusurika mauaji ya mwaka 1886.

Chini ya Waingereza

Mwezi wa Desemba 1890 hofu ya zamani ilitimia. Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliwasili akitokea mashariki kupitia Busoga, na askari wake walikuwa na bunduki ya Maxim. Tarehe 26 Desemba Mwanga alitia saini mkataba alioupinga moyoni. Mwezi wa Januari 1892 Waanglikana na Wakatoliki walipigana Mengo. Lugard aliwapa Waanglikana silaha na kuifyatua Maxim kwa niaba yao, na Mwanga akakimbia pamoja na walioshindwa. Alirudi miezi miwili baadaye kwa masharti ya washindi. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza rasmi kwamba nchi hiyo iko chini ya himaya yake.

Kwa miaka mitatu Mwanga aliishi kama mgeni katika kasri lake. Kodi, sheria na uteuzi wa machifu vilikuwa mikononi mwa wengine. Tarehe 6 Julai 1897 alitoroka Mengo, akaenda Buddu na kutangaza vita. Alishindwa tarehe 20 Julai huko Kabuwoko, akavuka mpaka na kuzuiliwa na Wajerumani huko Mwanza. Mwezi wa Agosti Waingereza walimvua ufalme na kumtawaza mwanawe Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja. Kagwa na wenzake wawili wakawa walezi wa kiti.

Mwanga hakutulia. Aliwatoroka Wajerumani, akarudi kupigana, kisha akajiunga na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ambaye mababu zao walikuwa mahasimu kwa vizazi vingi. Wawili hao walipigana wakirudi nyuma hadi nchi ya Lango, ambako walikamatwa tarehe 9 Aprili 1899. Miongoni mwa waliowakamata walikuwamo Waganda chini ya Semei Kakungulu, aliyewahi kuwa chifu wa Mwanga.

Uhamisho na Kifo

Wafalme hao wawili walipelekwa pwani, wakawekwa Kismayu, na baadaye wakahamishiwa visiwa vya Shelisheli. Huko Mwanga alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana na kupewa jina Danieli. Msomaji wa Biblia anajua kwamba Danieli ndiye aliyetupwa katika tundu la simba kwa sababu alikataa kuacha kusali mfalme alipokataza. Mwanga alifariki uhamishoni tarehe 8 Mei 1903, akiwa na miaka 35 hivi. Mwaka 1910 mabaki yake yalirudishwa nyumbani na kuzikwa Kasubi, kwenye kaburi la baba yake. Kabalega alikaa Shelisheli hadi mwaka 1923, akafa Jinja akiwa njiani kurudi kwao.

Wale waliouawa Namugongo walipata hatima nyingine. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda, na mahujaji kutoka Kenya ni miongoni mwa maelfu wanaokwenda Namugongo kila mwaka.

Hitimisho

Historia ya Mwanga iliandikwa kwanza na wamishenari waliowapoteza wanafunzi wao, na na Apolo Kagwa, aliyechapisha kitabu chake cha habari za wafalme wa Buganda mwaka 1901, wakati Mwanga akiwa mfungwa. Msomaji anapaswa kulikumbuka jambo hilo. Hata hivyo, waandishi kuwa na chuki hakumfanyi aliyechomwa kuwa hakuchomwa. Kizito hakuwa mpelelezi wa Waingereza, wala hakuwa na bunduki. Alikuwa mvulana aliyejifunza kusoma na kusali.

Ni kweli pia kwamba hofu ya Mwanga haikuwa ndoto. Njia ya mashariki ilileta utawala wa kigeni kama alivyohisi akiwa kijana. Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka 1896 ili Uingereza iishike Uganda kwa nguvu, ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uganda. Ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, wiki chache baada ya Mwanga kukamatwa, na mwaka 1901 ikafika ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1913 tawi lake lilipita Ruiru na kufika Thika, likiyahudumia mashamba ya walowezi katika ardhi iliyokuwa ya wenyeji. Kwa hiyo, jambo alilolihofu Mwanga halikuwafika Waganda peke yao.

Kosa lake ni kwamba alimwona adui wa kweli, kisha akaupiga upanga mahali pasipo adui. Vijana wa kasri ndio waliokuwa machifu wa kesho. Aliowaua walikufa wakimheshimu kama mfalme wao, ila hawakukubali awe Mungu wao. Waliobaki hai hawakuwa na sababu ya kumwamini tena, na ilipofika mwaka 1897, siku aliyohitaji watu wa kuitetea Buganda, wengi wao walisimama upande wa pili, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha miaka 11 kabla kwamba kumtumikia hakukuwa salama.